Bati Langu na Jua la Kimandolu

Jumatatu, 6 Februari 1911

Joto la ajabu. Mzee Lomayani, msimamizi wa mfereji wetu, ambaye hasahau kitu, anasema hajaona kiangazi kama hiki tangu mwaka ule ng'ombe walipokufa wote. Mlima uko wazi asubuhi hadi jioni. Hakuna wingu hata la kupangusia jasho.

Niandike hali ya nyumba. Nyumba yangu ni ya bati. Ya kwanza Kimandolu nzima, ukiacha za Wazungu. Nilifanya useremala miaka mitatu kwa Mgiriki mmoja mwenye shamba la kahawa, nikachukua ujira wangu kwa bati, kwa hiari yangu, watu wakinicheka. Bati zikaja kwa gari la maksai kutoka huko reli inakoishia. Siku nilipopigilia msumari wa mwisho, watu walivuka mto kuja kutazama. Siku ile hakukuwa na joto.

Leo saa sita mchana mshumaa wa mezani uliinama wenyewe ukalala. Samli ikawa maji. Bati zikaanza kulia, ko! ko! ko! Halafu Eunike, mke wangu, mwenye mimba ya mwezi wa mwisho, akainuka kuchota maji, akasema anaona giza, akaanguka. Nilimdaka. (Nilidaka kichwa. Sehemu nyingine ilifika chini yenyewe.)

Nikapiga kelele. Wakaja jirani yangu Loishiye na mkewe Nosim, wakambeba mpaka kwao. Nyumba ya nyasi na samadi, giza tupu, ndani baridi kama pangoni. Eunike akafumbua macho, akanywa maziwa, akasema hapa ndipo penye hewa. Niliona haya kuliko ninavyoweza kuandika. Papo hapo Loishiye, kwa upole wake ule unaoudhi, akaniambia: "Yoeli, bati ni sufuria. Mtu haishi kwenye sufuria."

Sikumjibu. Namjibu hapa. Nyasi ni chakula cha ng'ombe. Mtu haishi kwenye chakula cha ng'ombe!

Eunike anasema atashinda kwa Nosim mchana na kurudi jioni. Joto likizidi, atakwenda kwa mama yake kule juu Poli, akajifungulie huko. Ni mwendo wa asubuhi nzima, kupanda tu, na hali aliyo nayo. Mtoto wangu wa kwanza azaliwe nyumba ya watu, na mimi nina bati? Haiwezekani.

Tena kuna jambo jingine. Jumapili ya tarehe 19 Mwalimu Bariki wa misheni anakuja na wazee wa kanisa kuchagua nyumba ya sala ya upande wetu. Atakayechaguliwa atakabidhiwa kengele. Nyumba zilizotolewa ni mbili: yangu, na ya Loishiye. Loishiye ambaye hata hajabatizwa! Bado yuko darasa la ubatizo!

Nina siku kumi na tatu. Nina akili. Jua halina.

Jumanne, 7 Februari

Mpango wa kwanza: kivuli juu ya kivuli. Nilikata majani ya migomba yangu yote, nikayatandika juu ya bati. Kazi rahisi, kwa kuwa ubavuni mwa nyumba mteremko umeshuka mpaka usawa wa paa. Mtu anapanda bila ngazi. Kufika saa nne ndani kulikuwa na ubaridi. Nikajilaza sakafuni na kujipongeza.

Saa sita, ngurumo. Nikasema, Bwana asifiwe, mvua! Nikatoka nje na ndoo. Hakuna mvua. Kulikuwa na mbuzi wa Loishiye, kumi na mmoja, wanatembea juu ya nyumba yangu na kula paa.

Nikapanda kuwafukuza. Nilisahau viatu. Bati za saa sita! Niliruka mguu huu, nikaruka huu, nikapiga ukelele, nikaruka tena. Nosim alimwuliza Eunike huku kwetu leo kuna sherehe gani.

Mbuzi kumi walishuka. Wa kumi na moja alikataa, akalala juu pale mpaka jua likapoa, akicheua majani yangu. Loishiye akaja kuomba radhi. Nikamwambia hakuna neno. Lilikuwepo neno, lakini nyayo zilikuwa zinaniuma.

Hata hivyo ushindi ni ushindi. Imethibitika kwamba majani yanapoza. Habari ya mbuzi ni habari nyingine kabisa.

(Migomba imebaki vijiti. Ndizi zimeanza kuungua kwa jua. Eunike ameona.)

Ijumaa, 10 Februari

Sikuandika siku mbili kwa sababu ya kufikiri, na kisha kwa sababu ya kusugua.

Nilifikiri hivi. Jua ni nuru. Nuru ikikuta kioo hurudi ilikotoka. Basi paa langu likiwa kioo, joto litarudi juani, nami nitabaki na amani. Nikashangaa kwamba Wazungu hawajalifikiria. Nikachukua mchanga wa mtoni, majivu na magunzi, nikasugua bati moja moja, asubuhi na jioni, safari hii na viatu. Leo nimemaliza.

Linang'aa! Ukilitazama machozi yanatoka. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na ndizi zake kwenda sokoni alifunika uso kwa kanga akashika njia nyingine. Na jambo zuri zaidi, ambalo sikulipanga: saa kumi mwanga wa paa unaangukia sawasawa kwenye zizi la Loishiye. Ng'ombe wake wanafika mlangoni, wanasimama, wanageuka. Alihangaika nao kwa fimbo mpaka jua lilipozama nyuma ya kilima.

Ndani joto limepungua. Kidogo. Naamini.

Jumamosi, 11 Februari

Leo nimetembelewa na serikali.

Shaushi mmoja na askari wawili walipanda kutoka bomani, wakihema, bunduki begani, nguo zimelowa. Shaushi ndiye mkubwa wao. Ana ndevu na hacheki. Akauliza nani mwenye nyumba. Nikasema mimi, kwa fahari, maana nilidhani wamekuja kutazama bati.

Kumbe huko bomani wana desturi ya kuzungumza na watu wa mbali kwa vioo, jua likimulika. Sasa siku mbili mtu amekuwa akiwamulikia kutoka Kimandolu. Wameandika kila mmuliko kwenye karatasi. Wamesoma mbele, wamesoma nyuma, hawakuambulia neno. Wanataka kujua ninazungumza na nani.

Nikajibu kwamba ninazungumza na jua.

Lilikuwa jibu baya. Mmoja wa askari alinishika mkono. Shaushi akaingia ndani peke yake kutafuta kioo. Alikaa muda mfupi sana. Alipotoka jasho lilikuwa linadondoka kwenye ndevu zake, akanitazama kwa namna nyingine, kama mtu anavyomtazama mgonjwa.

Hapo Loishiye akasogea. Hakuna aliyemwita. Akasema, "Bwana, huyu si mchochezi. Huyu ni fundi." Kisha akaongeza, kwa huzuni, "Mimi ni jirani yake. Namjua."

Askari akaniachia. Shaushi akaamuru: kesho saa sita paa liwe halimuliki. Likimulika, bati zitang'olewa zote zipelekwe bomani.

Bati zangu!

Kitu cha kufifisha bati kwa siku moja ni samadi tu. Mimi nina ng'ombe mmoja, naye ni mchoyo. Loishiye ana zizi zima. Nilizunguka nyumba yangu mara tatu nikitafuta njia nyingine. Hakuna. Nikaenda. Nikamwambia kwamba nimeamua kumpunguzia taka zake. Akaniambia nichukue niwezavyo.

Nimechukua mapakacha ishirini na mawili. Simshukuru mtu kwa samadi. Kwa lile neno la fundi labda.

Jumapili, 12 Februari

Nimekosa ibada kwa sababu ya samadi. Mungu anajua ni amri ya serikali.

Saa sita nilisimama uani na kutazama chini kuelekea boma. Hakuna aliyekuja. Nimeishinda serikali kwa kuitii.

Tena, ajabu! Ndani kumepoa kweli. Eunike amekaa mchana kutwa nyumbani, safari ya kwanza wiki hii. Jioni nikamwuliza anaonaje. Akasema nyumba yetu sasa inanuka kama zizi la Loishiye. Nikasema basi tumefanana na majirani. Akasema hapana, maana nyumba ya Loishiye hainuki.

Jumanne, 14 Februari

Samadi imekauka. Imepasuka. Leo asubuhi upepo ulishuka kutoka mlimani ukaiondoa juu ya paa kipande kwa kipande, vipande vikubwa kama sinia, vikaruka na kutua juu ya nguo alizokuwa ameanika Eunike. Zile za mtoto. Alizishona mwenyewe tangu Novemba.

Hakugomba. Angegomba ningejua la kufanya. Aliziokota, akazikung'uta, akazirudisha kwenye beseni, akakaa chini. Akasema, "Yoeli, Jumatatu nakwenda kwa mama."

Nikamwambia miguu yake imevimba. Akasema miguu yake anaijua.

Siandiki zaidi leo.

Jumatano, 15 Februari

Nimeandika vibaya jana. Mtu asikate tamaa jioni. Asubuhi akili hurudi. Imerudi!

Maji!

Mfereji unapita nyuma ya nyumba yangu, juu kidogo ya mteremko, maji ya mlimani, baridi kiasi cha kuuma meno. Wanadamu wote wa Kimandolu wanaokwa, na maji haya yanakwenda kunywesha maharage. Leo ilikuwa zamu ya Loishiye. Mimi sikutaka kuiba maji. Naandika hili wazi, kitabu hiki kikisomwa siku moja ijulikane. Maji yalikuwa yapite tu kwangu, yasalimie, yaende zake.

Nilingoja saa sita, kila mtu akiwa amelala kwa joto. Nikafungua ukingo wa mfereji kwa jembe, nikachimba njia mpaka nyuma ya nyumba, nikapenyeza chini ya ukuta wa nyuma, nikaikata sakafu katikati, nikayatoa kwa mlango wa mbele. Maji yakaja yakilalamika kidogo penye tundu la ukuta, kisha yakaingia, yakapita baina ya kitanda na meza.

Nikamwita Eunike. Alikuja taratibu, uso umekunjamana, tayari kwa lolote. Nikamkalisha kwenye kigoda, nikamwingiza miguu majini. Akafumba macho. Halafu chura mmoja akaelea akipita mbele yetu, kutoka ukutani hadi mlangoni, ametulia kama mgeni aliyealikwa, na Eunike akacheka. Akacheka mpaka akashika tumbo. "Hii umeipatia, Yoeli," akasema. "Hii umeipatia."

Siku kumi sijasikia kicheko kile. Nikaketi kando yake, miguu yangu majini karibu na yake, nikafungua kitabu cha nyimbo. Tuliimba wimbo mmoja, beti zote.

Kwenye ubeti wa mwisho mlango ukaingia giza. Mzee Lomayani. Amefuata mfereji mkavu kutoka shambani kwa Loishiye, hatua kwa hatua, mpaka hapo.

"Shikamoo, Mzee," nikasema, bila kutoa miguu.

"Marahaba. Maji yanakwenda wapi, Yoeli?"

"Yanapita tu, Mzee."

"Yanapita kwenda wapi?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Tukatoka kutazama. Mlango wangu uko chini kuliko mfereji, na maji hayapandi. Yalikuwa yameteremka njiani, yamefika barabara ya bomani, na watu wa chini walikuwa wanayachota kwa vibuyu wakimshukuru Mungu kwa chemchemi mpya.

Hukumu imetolewa hapo hapo, Loishiye akiwepo, wazee wengine wawili wakiwepo. Nitasafisha mfereji wote peke yangu, kutoka kinywa chake msituni mpaka shamba la mwisho. Nianze kesho, nimalize kabla ya Jumapili. Wazee walitingisha vichwa. Loishiye alitazama upande wa maharage yake. Kisha alimletea Eunike kibuyu cha maziwa.

Ningependa angenitukana. Mtu akikutukana mnakuwa sawa.

Ijumaa, 17 Februari

Wajinga! Wapenzi wangu wajinga!

Wamenihukumu kukaa majini! Siku mbili niko juu msituni, chini ya miti ambayo jua halijawahi kuona mizizi yake, maji magotini, nazoa matope na majani kwa jembe, na napiga mluzi. Kimandolu kunaungua. Wazee waliotoa hukumu wamejibanza vivulini wakijipepea kwa majani. Mimi jana mchana nilipata baridi. Baridi! Nilitoka majini nikaota jua kidogo, kwa hiari yangu, nikarudi.

Leo saa tano Loishiye alitokea na jembe begani. Akasema amekuja kunisaidia. Nikamwambia adhabu ni yangu peke yangu, asiniibie. Akaingia majini, akashusha pumzi ndefu, akafumba macho. Nikamwuliza kama kweli amekuja kusaidia. Akafikiri, akasema: nusu.

Tukafanya kazi. Nikamwuliza habari ya maharage. Akasema mistari minne imekufa, mingine itapona. Nikasema pole. Akasema haya. Kisha, bila kunitazama, akasema nisimwache Eunike apande Poli kwa miguu. Nosim amewapokea watoto wa kilima chote, na mikono yake haina haraka. "Mwache kwetu," akasema. "Nyumba ina baridi."

Nikasema nitafikiri. Sikufikiri. Nilikubali moyoni papo hapo, lakini mtu ana heshima yake.

Jioni nilimwambia Eunike kwamba nimeamua ajifungulie kwa Nosim. Akasema yeye na Nosim walikwisha kuamua tangu Jumatano.

Jumamosi, 18 Februari

Nimemaliza mfereji saa tano asubuhi. Mzee Lomayani ameukagua wote, akasema haujawahi kuwa safi hivi tangu ulipochimbwa. Nimerudi nyumbani nikiimba.

Ukuta wa nyuma haupo.

Maji ya Jumatano yalikuwa yamekaa chini yake yakiunywa taratibu. Leo umechoka. Umelala chini wote, kutoka kona hadi kona, juu ya kitanda. Eunike alikuwa kwa Nosim. Nilisimama nikatazama kitanda, upande anaolala yeye, udongo umefika juu ya mto. Nilikaa chini. Nilikaa muda mrefu kidogo.

Halafu nikatazama juu. Paa limesimama! Ukuta umekimbia, nguzo zangu zimebaki, zimenyooka, hata bati moja haikutikisika. Huo ndio useremala! Wangapi wanaweza kujenga nyumba isiyohitaji ukuta?

Lakini kesho wanakuja. Hakuna muda wa ukuta. Nimezoa udongo wote mpaka mikono ikakataa kufunga. Nimefukia njia ya maji sakafuni. Nimepanga mabenchi. Nimekisafisha kitanda, nikakihamishia kwa Loishiye. Amenisaidia kukibeba. Njiani akauliza kesho nitawaambia nini wazee wa kanisa. Nikamwambia nina mpango.

Sina mpango.

Jumapili, 19 Februari

USHINDI.

Naandika kwa utaratibu.

Walikuja watu tisa, Mwalimu Bariki mbele, na vitabu, na kengele imefungwa kwenye kitambaa. Wakaanza kwa Loishiye. Wakaingia kwa kuinama, mmoja mmoja. Mimi nikabaki mlangoni. Ndani baridi nzuri, lakini giza, na Nosim alikuwa na chungu motoni. Mwalimu akafungua kitabu asome, akakisogeza karibu na pua, akakisogeza mbali. Hakuona herufi. Akaanza kukohoa. Mzee mmoja akakalia ndama. Wakatoka wakifuta macho.

Wakaja kwangu. Jua lilikuwa kali kuliko siku zote za mwezi huu. Nilikuwa nimejiandaa kueleza ajali. Wakaingia kwa mlango wa mbele, na mara upepo wa mlimani, ule ule ulioharibu samadi yangu, ukaja kwa pale pasipo na ukuta, ukapita baina ya mabenchi, ukafungua kitabu cha Mwalimu ukurasa baada ya ukurasa. Mwanga kila mahali. Kivuli kila mahali. Na mbele yao, mahali pa ukuta wangu, mlima wote wa Meru, kutoka miguuni hadi kichwani.

Mwalimu Bariki alivua kofia. Akasema leo amezunguka tangu asubuhi na hapa ndipo mahali pa kwanza ambapo hatoki jasho. Kisha akauliza, "Nani aliyekuwa na wazo la kuuacha upande huu wazi?"

Loishiye akanitazama. Mzee Lomayani akanitazama. Mimi nikautazama mlima.

"Mimi," nikasema.

Si uongo. Maji niliyaleta mimi.

Nikamsubiri Loishiye aseme. Angeweza. Alikuwa na haki. Akakuna kidevu, akamwambia Mwalimu kwamba ndivyo, na kwamba Yoeli amefanya kazi usiku na mchana kufikia hapo, na yeye kama jirani ameiona yote.

Nikakabidhiwa kengele! Ni ya shaba, ina sauti kali. Nikaipiga mara moja. Nikaipiga tena. Nilikuwa napiga ya tatu nilipomwona Nosim anakuja mbio, kanga mkononi, akaita kwamba wakati umefika.

Sijui kengele niliiweka wapi. Ilikutwa baadaye kwenye migomba.

Wanaume hawaingii. Nilikaa nje ya nyumba ya Loishiye na Loishiye mwenyewe, migongo kwenye ukuta wa samadi. Ni ukuta wa baridi, nalikiri. Nilimwuliza mara nyingi ni saa ngapi, hana saa. Mwishowe akanishika bega akauacha mkono hapo hapo. Jua lilikuwa halijatua tuliposikia kilio.

Msichana! Eunike mzima. Ameniambia niingie taratibu, nisiguse kitu. Amemwita Hanna. Ana kidevu changu. Nosim anasema watoto wote wana kidevu kile, lakini Nosim amechoka.

Alhamisi, 23 Februari

Joto bado, lakini mawingu mawili yamepita.

Hali ilivyo sasa. Nyumba yangu ni nyumba ya sala, na watu wanakuja kutoka hata Daraja Mbili kukaa kwenye upepo wake. Nilimwuliza Mwalimu Bariki nirudishe ukuta lini. Akasema ukuta usirudishwe kamwe. Kwa hiyo hatuna pa kulala, tunalala kwa Loishiye, mimi, Eunike, Hanna na kitanda. Wapo watakaosema nimepoteza nyumba. Ni watu wasioona mbali. Nina kengele, nina binti, nina nguzo zinazosifiwa na misheni, na ninalala mahali pa baridi kuliko pote Kimandolu. Jua nimelishinda, halafu nimepata zaidi.

Lipo jambo dogo moja tu. Moshi. Nyumba hii haina dirisha. Hanna amekohoa jana mara mbili na leo asubuhi mara tatu. Nilimwambia Loishiye kuhusu madirisha, jinsi Wazungu wanavyoyatumia. Akasema baba yake na babu yake waliishi bila dirisha. Nikamwuliza wako wapi sasa. Akasema wamekufa. Hoja imeshinda yenyewe.

Leo alfajiri Loishiye amekwenda Olmotonyi kutazama fahali. Atarudi Jumamosi. Nosim na Eunike wamekwenda mferejini na nguo za mtoto, na mtoto wamemchukua. Nyumba ni tupu. Nimekwisha kupima ukuta wa kaskazini, ule unaotazama mlima. Dirisha la kiasi, kama la misheni, na kizingiti. Loishiye akirudi atakuta hewa inapita na mwanga umejaa, na atajua kwamba mimi nami ni jirani.

Hakuna kinachoweza kuharibika. Huu si ukuta wa udongo wala hakuna maji. Ni fito na samadi tu, na juu ni nyasi, ambazo hazina uzito. Kuna nguzo moja nene imesimama katikati kabisa ya mahali ninapotaka dirisha, na naona mihimili ya paa imekutana juu yake. Lakini nimehesabu nguzo nyingine, ziko nyingi.

Shoka nimeliona nyuma ya mlango. Naanza.